Jinsi Korbinian Fundi wa Dohani Alivyoagiza Lita Moja Isiyolevya

Sogeeni, enyi wenye masikio na muda wa kuyatumia! Acheni sufuria zitokote zenyewe, acheni simu zilie mpaka zichoke, mje msikie habari za vita vilivyopiganwa katika mji wa Munich, mtaa wa Giesing, alasiri ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, ndani ya baa iitwayo Dubu Kiwete. Vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, ila vilimwaga povu, na ambavyo waandishi wa tarehe za wafalme wameviacha pembeni kwa sababu wanazozijua wao, nasi hatuwasamehe.

Mlango wa Dubu Kiwete ulifunguliwa kwa kishindo, upepo wa mwezi wa tatu ukaingia kwanza, na nyuma ya upepo akaingia mgeni ambaye hakuna aliyemtarajia. Alikuwa mrefu na mwembamba kama ngazi ya kuazima, amevaa nguo za kubana zenye rangi ya ndimu changa, kofia ngumu kichwani mfano wa gamba la mende, na magoti yake yote mawili yamepakwa tope. Alitoka Nuremberg kwa baiskeli. Meno yake yaligongana kwa baridi. Akaangaza huku na huku, akaliona jiko kubwa la vigae vya kijani likiwaka, akaona kando ya jiko kiti kitupu, naye akafanya lile ambalo kila aliyeumbwa na mifupa angelifanya: akakaa.

Loo! Ungalisikia kimya kilichoanguka! Wanaume saba wa Meza Kuu, ile iliyopakana na jiko, waliokuwa wakizungumza wote kwa pamoja na kusikilizana hata mmoja hakuna, walinyamaza kana kwamba wamekatwa kwa kisu. Soseji nyeupe ikabaki nusu njia kuelekea mdomoni. Kwani meza ile ilikuwa na wenyewe, na kibao cha chuma kilichoning'inia juu yake kilisema hivyo waziwazi. Na kiti kile hasa, kiti cha kando ya jiko, kilichopashwa moto na vigae, hakikuwa kiti tu. Kilikuwa kiti cha enzi.

"Samahani wazee," mgeni akasema, akisugua viganja. "Kuna mtu amekaa hapa?"

"Yupo," akajibu Xaver, muuza nyama, mwenye shingo nene kama gogo la kukatia.

"Nani? Mbona simwoni?"

"Marehemu."

Mgeni akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

Na katika wale saba alikuwamo mmoja, mdogo kuliko wote, aliyevaa nguo nyeusi za kazi zenye vifungo vya safu mbili, na masizi katika mikunjo ya shingo. Na huyo alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa nguvu mpaka kucha zikawa nyeupe. Huyo ndiye Korbinian Zwicknagl, mpanda mapaa, mfagia dohani za majiko, mtiisha moshi, fagio la Giesing, ambaye mabibi wa mtaani humgusa kifungo cha koti ili wapate bahati. Na marehemu alikuwa baba yake.

Mzee Benno Zwicknagl, naye fundi wa dohani, alikikalia kiti kile tangu Korbinian yu mtoto wa kubebwa, akaviegemea vigae vile mpaka kimoja kikapoteza rangi, kikafanya doa jeupe lenye umbo la mgongo wa mtu. Alizikwa mwezi wa kumi na moja. Tangu hapo kiti kilikaa kitupu, kama sheria ya meza ilivyoamuru, kikingojea sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, siku ya bia kali ya Kwaresima. Kwa maana siku hiyo, na siku hiyo tu, mrithi husimama, hupokea Jagi la Waasisi likiwa limejaa lita nzima ya ile bia kali, huapa, hulimaliza mbele ya wote, kisha hukaa. Mtoto wa marehemu ndiye wa kwanza kuitwa. Akikataa, huitwa aliyemzidi umri kila mtu mezani. Na ikigunduliwa kwamba aliyeapa amefanya hila, ananyang'anywa kiti na kufukuzwa mezani maisha yake yote.

Korbinian alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alitaka kuuweka mgongo wake palipokuwa mgongo wa baba. Alitaka, mtoto wake akizaliwa, ampakate hapo, amwonyeshe lile doa, amwambie: huyu ni babu yako.

Basi mgeni alihamishwa hadi kwenye kijimeza cha karibu na mlango, chini ya makoti yaliyolowa, mahali ambapo upepo hupita ukisalimu kila mtu kwa jina. Na huko uhamishoni, badala ya kutubu, akapaza sauti:

"Dada! Niletee bia isiyolevya! Ile kubwa kabisa!"

Hapo akasimama Mzee Alois Hierl. Enyi msikilizao, mjueni mtu huyu: Alois wa masharubu mawili, aliyeendesha tramu za mji mpaka akastaafu, mlinzi wa sheria za meza, kisima cha maneno makubwa, mzee kuliko wote waliokuwapo. Akaliinua jagi lake la udongo wa kijivu, jagi zito lisilopitisha nuru, akahutubu:

"Masikio yangu! Tangu lini mtu anaingia Dubu Kiwete siku ya Mtakatifu Yosefu akaagiza maji ya kuoshea shayiri? Watawa wa mji huu walifunga Kwaresima nzima wakiishi kwa bia kali peke yake! Mkate wa kunywa, waliuita! Wangekunywa hiyo takataka yako, bwana mende, wangekufa wote, na leo tungesali kwa nani?"

"Mzee wangu, mimi nina njia ndefu," mgeni akajibu kwa upole. "Na baiskeli haijui kwenda peke yake."

"Tramu yangu ilijua!" akafoka Alois, na meza nzima ikacheka, ikagonga majagi.

Korbinian hakucheka. Kabla jua halijazama, maneno yaleyale ya mgeni yangelazimika kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Nanyi mwajua jinsi hali ilivyokuwa Munich miaka ile. Zisizolevya hazikuja kwa tarumbeta. Mwanzo ilikuja chupa moja, yatima, ikasimamishwa nyuma ya maziwa katika friji kwa ajili ya madereva, watu wakaicheka. Ikaita ndugu zake. Wakateka rafu. Wakateka friji. Vijana wakaanza kuzinywa katika bustani za bia, chini ya vivuli vya miti, bila aibu, tena mchana. Halafu, siku moja ambayo wazee huitaja kwa sauti ya chini, bomba likachimbiwa njia sakafuni na kutokeza juu ya kaunta ya Dubu Kiwete yenyewe: bomba dogo, mpini wa buluu, ubavuni mwa lile bomba kuu la shaba. Meza Kuu ilipiga kura ya kutolitazama, na tangu siku hiyo hakuna hata mmoja aliyelitazama, hadharani.

Lakini ahadi ya Korbinian haikutoka katika bustani za vijana. Ilitoka jikoni kwake.

Mkewe, Afra, alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku alipojua kwamba ni mjamzito alisukuma glasi yake mezani akasema kwamba basi, imetosha mpaka mtoto aje. Na Korbinian, ambaye moyo wake ni laini kama siagi iliyosahauliwa dirishani, akaisukuma ya kwake ikagongana na ya mke.

"Na mimi vilevile," alisema. "Utakachojinyima, nami najinyima."

Afra akazitenganisha zile glasi. "Usiniahidi hilo ukaenda kunywa kwa kujificha."

"Sitajificha."

"Kori, nisikilize. Baba yangu hakuwa mlevi wa kupiga kelele. Alikuwa mlevi wa kuficha. Nilikuwa na miaka sita, mvua inanyesha, nikaingiza mguu kwenye kiatu cha mvua nikakuta chupa. Mpaka leo nikivaa kiatu nakitikisa kwanza. Sasa mimi sitaki malaika humu ndani. Ukishindwa, njoo useme umeshindwa, tutacheka. Nataka tu mtu ambaye nikivaa kiatu, naingiza mguu, basi."

"Sinywi, na sifichi," Korbinian akasema. "Wala kinachoonekana kama kuficha."

Ahadi ndiyo hiyo, na tangu aitoe hakukanyaga Dubu Kiwete mpaka leo. Haikuandikwa popote, haikupigwa muhuri, na ingetoshea ndani ya kizibo. Lakini ilikuwa imemwelemea kifuani tangu asubuhi kuliko ngazi za chuma anazopanda nazo mapaa.

Akainuka, akaenda kaunta, akajifanya anatafuta haradali.

Nyuma ya kaunta alitawala Walburga, mama mwenye mabega ya kubeba majagi kumi kwa mkupuo, ambaye mgongo wake, akisimama mbele ya mabomba, huyafunika yote kama mlima unavyofunika jua. Alimtazama Korbinian mara moja tu.

"Una uso wa mtu aliyemeza brashi yake," alisema.

"Mama Walburga, siwezi kunywa bia kali leo. Nimemwahidi Afra."

"Ndilo hilo tu? Na mimi nikadhani umeanguka paani!" Akainama karibu, akanong'ona. "Jagi la Waasisi ni la udongo. Halionyeshi kitu. Naligeuzia mgongo, nafungua la buluu, nakupa, unaapa, unakunywa, unakaa kwa baba yako. Mke kapata chake, wazee wamepata chao."

Korbinian alihisi mbingu zikifunguka, na malaika wakiteremka na vinanda. Kisha zikafungika tena.

"Hiyo ni chupa ndani ya kiatu," alisema.

"Nini?"

"Ni kuficha, mama. Nilisema sitaficha. Naapa mbele yao kwamba ni bia kali, kumbe sivyo? Hapana."

"Kijana wewe! Unadhani utakuwa wa kwanza?"

"Una maana gani?"

Walburga akabana midomo. Akatazama Meza Kuu, akamtazama tena Korbinian, na ikaonekana wazi kwamba ndani yake palikuwa na siri iliyokwisha kuiva na kuanza kupasua ganda.

"Niapie kwanza. Kwa ufagio wako. Hutasema kwa mtu yeyote, hata wakikuchoma soseji."

"Naapa kwa ufagio wangu."

"Alois, miaka miwili sasa. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari alimwambia bia moja nyingine na safari ya mwisho ya tramu. Xaver, tangu Krismasi, kisukari. Yule mwenye duka la funguo, mkewe alimpa siku tatu achague. Mwalimu anasema inampa ndoto mbaya. Na Ludwig, huyo hana sababu, aliionja kwa bahati mbaya akaipenda. Watano, Kori! Kati ya saba! Kila mmoja ananikonyeza akifika, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake, na mimi ndiye ninayekufa kwa kucheka nikifika nyumbani. Sasa ukisema neno, hao wazee watakufa kwa aibu, na mimi nitafukuzwa kwa kuuza uongo kwa lita. Umeapa."

"Nimeapa," akasema Korbinian, akarudi mezani bila haradali. Kwa maana ni jambo moja kwenda vitani dhidi ya jeshi, na ni jambo jingine kujua, wewe peke yako, kwamba jeshi lote limevaa silaha za karatasi.

Saa ikafika. Pipa la bia kali likagongwa nyundo, povu likaruka hadi kwenye pembe za kulungu ukutani. Mzee Alois akalishika Jagi la Waasisi, likiwa bado tupu, kwa mikono miwili, akasimama kando ya kiti kitupu.

"Korbinian mwana wa Benno!" akaita. "Njoo ukichukue kilicho chako!"

Ewe ulimi, usinitoroke sasa! Akainuka Korbinian, akavuka sakafu ile ambayo ilikuwa na upana wa kawaida siku nyingine zote lakini siku hiyo ilikuwa nyika, na kila ubao ulilia chini ya buti lake kama mtu aliyekanyagwa. Akafika. Akauona ule mgongo mweupe juu ya kigae. Akavuta pumzi, na kwa sauti iliyofika mpaka makotini akasema:

"Mama Walburga! Nipatie lita moja isiyolevya! Kwenye glasi ya kioo, ili kila mtu aone!"

Naam, alilisema. Wenye kumbukumbu wanadai kwamba kijiko kilianguka jikoni na hakuna aliyekiokota.

"Kijana," Alois akasema polepole. "Masizi yamekuingia masikioni? Mimi nimekuita kwenye bia kali."

"Nimesikia, mzee. Naheshimu. Ila nimeahidi sinywi mpaka mtoto azaliwe."

"Umemwahidi nani?"

"Mke wangu."

"Mwenye mimba ni yeye au wewe?" akauliza Xaver, na kicheko kikalipuka. "Jamani, msogezeeni kiti, asije akaanguka! Unasikia hamu ya udongo? Miguu imevimba?"

"Imevimba kidogo," Korbinian akasema, kwa sababu ilikuwa kweli, alishinda juu ya ngazi. Nao wakacheka zaidi mpaka Ludwig akapaliwa.

Alois hakucheka. Aliligonga lile jagi tupu mezani.

"Baba yako aliinywa hapa hapa! Akiwa na homa aliinywa! Mguu umevunjika aliinywa! Na wewe leo unataka kumzika mara ya pili, kwa maji? Nakuuliza mbele ya hawa wote: mwanaume anaketi Meza Kuu kwa kitu gani?"

"Kwa kitu halisi!" wakanguruma wazee, wakainua majagi yao ya udongo, wakanywa kwa hasira, wote kwa pamoja, watano kati yao wakinywa ya bomba la buluu, na Mwalimu, baada ya kumeza, akafuta masharubu na kutoa sauti ya koo kuonyesha jinsi ilivyokuwa kali.

Jamani! Jibu lilikuwapo. Lilikuwa limelala juu ya ulimi wa Korbinian, tamu na zito kama asali. Akatazama kaunta, akamwona Walburga ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Nimeshaahidi, mzee," alisema.

"Basi kaa na mwenzako wa nguo za ndimu!"

Hivyo fagio la Giesing lilihamishwa mpaka chini ya makoti, akakaa mbele ya mgeni wa Nuremberg, na Walburga akamletea lita yake katika kioo, ya dhahabu, yenye povu la kimo cha vidole vitatu, ikionekana na dunia nzima. Mgeni akaigonga kwa ya kwake.

"Ndugu, pole. Kiti tu kile?"

"Kiti tu," akasema Korbinian.

"Mimi nilikikalia kidogo. Kina joto kweli."

"Najua."

Lakini vita havikuisha, ndipo vilipoanza. Kwa kuwa mwana amekataa, sheria ilimwita aliyewazidi wote umri, naye alikuwa Alois mwenyewe. Na kwa kuwa Korbinian sasa alikaa karibu na mlango, mahali ambapo hakuna mtu wa Meza Kuu aliyewahi kukaa, aliona kile ambacho hakuna mtu wa Meza Kuu aliyewahi kukiona: kaunta kutoka ubavuni. Akamwona Walburga akilipokea Jagi la Waasisi. Akaona jicho moja la Alois likifumba na kufumbua. Akauona mgongo ule mkubwa ukigeuka kama lango la ngome, na nyuma ya lango, wazi kama mchana, akauona mkono ukienda kwenye mpini wa buluu.

Jagi likajaa. Alois akalipokea, akasimama mbele ya kiti cha Benno, akainua mkono wa kulia kwa kiapo.

"Nanywa kilicho kikali, nanywa bila hila, mbele ya walio hai na mbele ya marehemu!" Kisha akauliza, kama sheria inavyotaka: "Mwenye neno na aseme sasa, ama anyamaze milele!"

Neno likaja. Lilipanda kutoka tumboni mwa Korbinian, likapita kifuani, likafika kooni, likagonga meno kwa ndani kama mgeni mwenye haki ya kuingia. *Nusa jagi.* Mawili tu. Mtu yeyote angenusa, na Alois angeanguka, na Xaver angeanguka, na wale wote waliomcheka wangelala chini kama nyasi zilizofyekwa. Na katika meza ile, nani angebaki wa kustahili kiti? Angekaa. Jioni ile ile angekaa, mgongo juu ya mgongo wa baba yake. Na asingekuwa amesema uongo hata kidogo. Angekuwa amesema kweli tupu.

Akasimama.

Kiti chake kilikwaruza sakafu, na vichwa vyote vikageuka. Walburga akaweka mkono kifuani. Na Korbinian akauona uso wa Mzee Alois. Na juu ya masharubu yale mawili, katika macho yale ya buluu yaliyokuwa yakiwaka nusu saa iliyopita, aliona woga, woga wa mtu mzima aliyefiwa na mkewe, ambaye moyo wake umeshonwa kwa uzi, na ambaye akitoka mezani pale hana pengine pa kwenda Jumanne, wala Ijumaa, wala siku ya Mtakatifu Yosefu.

"Una neno, kijana?" Alois akauliza. Haikuwa hotuba tena. Ilikuwa karibu mnong'ono.

"Ninalo," akasema Korbinian.

Ufagio! Alikuwa ameapa kwa ufagio wake, kwa siri ndogo ya mhudumu wa baa, juu ya majagi ya udongo na bomba la buluu; ni nani angemlaumu kwa kuvunja ahadi ndogo hivyo? Mwili wake wote ulilalia upande wa jiko, kama mti unaoegemea mwanga. Akaiinua ile glasi yake ya lita kwa mikono miwili, juu, mbele ya macho yao.

"Neno langu ni hili, Mzee Alois," alisema. "Afya yako. Keti salama."

Na akanywa. Alikunywa akiwa amesimama, bila kushusha, huku koo lake likipanda na kushuka kama pistoni ya mashine. Akapita povu, akapita robo, akapita nusu pale ambapo wengi hupumua, machozi yakamtoka kwa sababu ya hewa au kwa sababu nyingine, akapita mahali ambapo bia huwa vuguvugu na mtu hujuta. Na upande wa pili wa chumba Alois naye alikuwa anakunywa, jagi limemfunika uso. Wakamaliza kwa pamoja. Alois akashusha jagi, akaketi katika kiti cha Benno Zwicknagl, na vigae vikampokea mgongo. Makofi yakapigwa, ya Alois yote.

Korbinian akakigeuza kioo chake juu chini, kama wafanyavyo washindi wa mji ule, aonyeshe kwamba hakubakiza kitu. Hakuna aliyetazama ila mgeni, ambaye alipiga makofi mara mbili peke yake akaacha, na Walburga, aliyejifuta uso kwa kile kitambaa kisha akagundua ni cha kufutia kaunta.

Na Mzee Alois. Aliketi katika joto lile akimtazama fundi wa dohani kupitia chumba kizima, mdomo wazi chini ya masharubu, kama mtu aliyekuta nyumba yake haijaungua na hajui amshukuru nani. Xaver akamwambia kitu, hakusikia. Akalisogeza lile jagi tupu mbali kidogo na pua ya Xaver.

Sasa enyi wasimuliaji wa vita vikubwa, wekeni panga zenu chini, mwandike hili kwa wino usiofutika: kwamba siku ya Mtakatifu Yosefu, katika mji uliokunywa tangu enzi za watawa, Korbinian Zwicknagl, wa kwanza katika historia ya Dubu Kiwete, aliagiza lita isiyolevya kwa sauti, akainywa katika kioo mpaka mwisho, akiwa na neno la ushindi mdomoni, na akalimeza pamoja nayo. Akavaa koti lake, akamsaidia mgeni kuifuta tope baiskeli yake, akapanda mlima wa Giesing kwenda nyumbani kumwambia Afra kwamba kiti kimekwenda.

"Kimekwendaje?" aliuliza Afra kutoka chumbani. "Umekunywa?"

"Sikunywa."

"Sasa ikawaje? Nani kakichukua? Niambie yote!"

Korbinian akakaa kizingitini, akavua viatu vyake kimoja baada ya kingine, akaviweka mlangoni.

"Mengine siwezi kukuambia, mke wangu," alisema. "Nimeahidi. Ila nakuambia waziwazi kwamba lipo ninalolificha."

Afra akatokea mlango wa chumba, mkono juu ya tumbo, akamtazama mtu yule mweusi wa masizi. Halafu akaanza kucheka.